Kabla ya rap kulikuwa na mabanga

Kila juma, katika kipindi cha jioni, tunapata ujumbe wa aina moja. Unatoka kwa wazazi wa Mangobo na Kabondo, na kwa familia zilizokimbia mapigano ya Mbole na Lengola ambayo yalianza mwaka 2023 upande wa Lubunga. Wanasema: acheni kupiga rap redioni. Wanasema watoto waliokuwa wakisaidia shambani sasa wanakaa watu sita kwenye simu moja, wakisikiliza vijana wanaojisifu kwa magari, saa za dhahabu, chupa na moshi. Giza likiingia, moshi wenyewe unaonekana nyuma ya ukuta.

Malalamiko hayo si ya kucheka. Mzazi aliyepoteza shamba, nyumba na mbuzi wake, halafu aone mtoto naye anaanza kupotea, ana haki ya kutafuta mwenye kosa. Lakini kazi yangu ni habari, na kwenye habari hii kuna kitu hakisemwi. Majisifu ya mali hayakuletwa kwetu na rap. Yalikuwemo katika nyimbo zetu wakati wazazi hao hao walipokuwa vijana, na wengi wao waliyacheza mpaka asubuhi.

Tuanze na neno moja la Kilingala, libanga. Maana yake ni jiwe. Kobeta libanga, kupiga jiwe, ni kuhangaika kutafuta chakula cha siku, na hapa Kisangani hakuna asiyejua jinsi hiyo inavyofanyika. Kobwaka libanga, kurusha jiwe, ni jambo lingine: mwimbaji anataja jina la mtu katikati ya wimbo, na mwenye jina anatoa kitu. Mwanzoni ilikuwa heshima kwa rafiki au mfadhili. Orchestra ilihitaji gitaa, vipaza sauti, nguo za jukwaani, nauli ya watu ishirini. Mauzo ya santuri yalimnufaisha mwingine, na haki ya mtunzi ilipotea njiani. Basi jina la tajiri likawa njia ya kulisha bendi.

Uchumi wa Zaire ulipoanguka, mabanga yaliongezeka. Katika miaka ya 1990 ulikuwa unaweza kusikiliza wimbo wa mapenzi wa dakika nane, ukahesabu majina mengi kuliko maneno ya mapenzi. Wafanyabiashara, maofisa wa jeshi, wakubwa wa serikali, Wakongo wa Paris na Brussels, wote walitajwa. Walitajwa pia wale vijana walioitwa Bana Lunda, watoto wa Bandundu na Kinshasa waliovuka mpaka kwenda kuchimba almasi katika Lunda ya Angola na kurudi na dola. Mtu asiye na cheo, asiye na diploma, alinunua nafasi yake katika wimbo, na nchi nzima ikamjua. Ninamwelewa mtu huyo. Katika nchi ambayo hata karatasi ya kuzaliwa ni shida kuipata, jina lako kuimbwa na sauti kubwa lilikuwa kitambulisho.

Sisi wa Kisangani tunaijua habari hiyo kwa sababu sehemu yake iliandikwa hapa. Mwaka 1982 utawala wa Mobutu uliruhusu raia wa kawaida kuchimba na kuuza dhahabu na almasi. Vijana waliacha shule na mashamba, wakaingia msituni upande wa Banalia, Bafwasende na Ubundu. Mjini zikafunguliwa nyumba za kununulia almasi, kontwari, zenye michoro mikubwa ya mawe yanayong'aa ukutani. Walikuja Walibanoni, wakaja wanunuzi kutoka Afrika Magharibi. Baadhi ya michoro hiyo imefifia tu na bado inasomeka ukipita katikati ya mji.

Mchimbaji aliyepata jiwe zuri alishuka mjini na alikuwa mfalme kwa siku tatu au nne. Bia kwa meza yote. Suruali mpya, viatu vipya, redio ya kaseti. Bendi ikipiga, anapanda jukwaani kubandika noti kwenye kipaji cha uso cha mwimbaji. Halafu mfuko unakwisha na anarudi msituni na koleo. Wachimbaji wenyewe walikuwa wakisema pesa ya jiwe haikai, kwa hiyo bora iondoke kwa kelele. Tusiwacheke. Mtu anayeshuka katika shimo linaloweza kumfunika kesho hana sababu kubwa ya kuweka akiba, na benki zenyewe za wakati huo, kwa kuporomoka kwa zaire, zilikuwa shimo jingine. Aliyeweka akiba alikuta imegeuka karatasi. Aliyekunywa alikuwa amekunywa.

Nasisitiza hapo kwa sababu ndipo ninapoona mzizi. Wimbo wa raha na mali huota vizuri mahali ambapo kesho haina uhakika. Ndivyo ilivyokuwa kwa almasi ya miaka ya 1980, na sioni tofauti kubwa na kijana wa leo katika kambi ya wakimbizi wa ndani, asiyejua kama atarudi kijijini mwaka huu au mwaka ujao.

Mavazi nayo yalikuwa na nyimbo zake. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, ndiye aliyewafundisha vijana wa Zaire majina ya washonaji wa Paris, Milano na Tokyo. La Sape lilikuwa jina la Kifaransa lenye maana ya jumuiya ya watu wa starehe na wa mavazi maridadi. Mwenzake Stervos Niarcos aliyageuza mavazi kuwa kama dini, akaiita kitendi, na alipofariki Ufaransa mwaka 1995 kaburi lake la Gombe likawa mahali pa kukutania kila Februari kwa wenye viatu vya bei. Wakati huo Mobutu alikuwa amewalazimisha wanaume kuvaa abakosi na kuacha tai. Kuvaa koti la Ulaya kulikuwa pia kumjibu mkubwa bila kufungua mdomo. Majisifu mengine yana siasa ndani yake, hata mwenyewe asipojua.

Halafu kuna mtoto wetu wa hapa, maana Koffi Olomide alizaliwa hapa mwaka 1956, mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville. Alisomea biashara Ufaransa, na ukisikiliza kazi yake utaona hakuisahau: hakuna aliyepanga mabanga kama yeye, na hakuna aliyejipa majina ya ukubwa mengi kama yeye. Mwezi wa Februari 2000 alijaza ukumbi wa Bercy kule Paris. Wakongo walilia kwa furaha. Miezi minne baadaye, kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji aliozaliwa. Maelfu ya mabomu yaliangukia nyumba, shule na kanisa kuu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, na mashirika ya hapa yanasema ni zaidi ya 1,000. Watu walizikwa katika viwanja vya nyumba zao kwa sababu hakuna aliyeweza kutoka kwenda makaburini.

Sisemi Koffi ana lawama kwa mabomu. Ninaweka tarehe hizo pamoja kwa sababu mawe ni yale yale. Sehemu kubwa ya ugomvi wa majeshi hayo mawili ilikuwa nani atakusanya kodi ya almasi, dhahabu na mbao zinazopita Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya The Hague iliiagiza Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita ile yote, na ndani yake milioni 60 ni kwa mali ya asili iliyochukuliwa. Kwa hiyo tunayo hesabu ya mahakama kuhusu mali ambayo nyimbo zilikuwa zikiisifu bila kusema inatoka wapi. Wahanga wengi wa Tshopo bado wanafuatilia fidia yao kwa makaratasi, na hao hakuna aliyewarushia libanga.

Niseme na bia, haraka, maana jambo liko wazi. Bendi ya Franco, OK Jazz, ilipata jina lake mwaka 1956 kutoka kwa baa iliyowapa kazi. Tangu hapo baa, kiwanda na orchestra hawajaachana. Katika miaka ya 2000 Werrason alikuwa upande wa Primus, JB Mpiana upande wa Skol, na ushindani wa waimbaji ulikuwa pia ushindani wa chupa. Redio zetu zilipiga nyimbo hizo mchana kutwa, watoto wakiwa nyumbani, na sikumbuki barua hata moja ya mzazi.

Sasa rap. Ilizaliwa New York, Bronx, katika miaka ya 1970, kwa watoto wa mitaa iliyoungua na kuachwa. Wimbo wake wa kwanza kujulikana dunia nzima, Rapper's Delight wa Sugarhill Gang, ulitoka mwaka 1979 na tayari ulijaa majisifu ya magari na televisheni ya rangi, ambayo waimbaji hawakuwa nayo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, ukaja The Message wa Grandmaster Flash na wenzake, unaoeleza panya, vioo vilivyovunjika na jela. Kwa hiyo tangu utoto wake rap ina midomo miwili, mmoja unaota na mwingine unatoa ripoti.

Kilichobadilika ni kiasi, na tuna takwimu. Mtafiti wa chuo kikuu cha California, Denise Herd, alisoma maneno ya nyimbo 341 za rap zilizopendwa kati ya 1979 na 1997. Mwanzoni mwa kipindi hicho dawa za kulevya zilitajwa katika asilimia 11 tu ya nyimbo. Mwishoni ilikuwa asilimia 69. Zaidi ya hesabu, maana yenyewe iligeuka. Nyimbo za mwanzo zilionya juu ya kokaini iliyokuwa ikiua mitaa yao, zile za baadaye zikaifanya bangi kuwa starehe na alama ya mtu aliyefika. Mwaka 1992 Dr. Dre alitoa albamu The Chronic, ambayo jina lake ni la bangi kali, na iliuzwa kwa mamilioni. Kampuni za santuri zilijifunza haraka kinachouzika. Wenye kampuni hizo hawakuishi katika mitaa ile.

Njia ya rap kufika kwetu ilipita Ufaransa na Ubelgiji, na mara nyingi kwa watoto wetu wenyewe. Youssoupha, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1979, ni mtoto wa Tabu Ley Rochereau. Gims, wa Kinshasa mwaka 1986, baba yake aliimba katika bendi ya Papa Wemba. Damso, wa Kinshasa mwaka 1992, alifika Ubelgiji akiwa mtoto, na maneno yake juu ya wanawake yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 2018 shirikisho la mpira la Ubelgiji liliachana na wimbo aliotakiwa kuutengenezea timu ya taifa kwa Kombe la Dunia. Kijana wa Mangobo anapomsikiliza Gims akitaja nguo za bei, anasikia Marekani, anasikia Paris, na bila kujua anasikia pia Viva la Musica. Marapa wa Ulaya wenye damu ya Kongo hawakuhitaji kufundishwa majisifu na Wamarekani. Waliyakuta sebuleni kwa baba.

Na mdomo wa pili, ule wa ripoti? Upo, na upo hapa hapa. Alesh ni mtoto wa Kisangani. Rap yake inauliza maswali juu ya uongozi na uraia, na alianza katika mji huu kabla ya kujulikana Kinshasa na nje. Mcheza ngoma Faustin Linyekula, aliyekulia hapa, alihamishia Studios Kabako Kisangani mwaka 2006, na vijana wengi wa muziki walipata hapo mahali pa kufanyia kazi na kurekodi wakati mji haukuwa na kitu kama hicho. Wazazi wanaosema rap yote ni bangi wangewasikiliza hao kwanza.

Kinshasa nako kuna MPR. Vijana hao walichukua herufi za chama cha Mobutu wakazigeuza kuwa Muziki wa Watu wa Mapinduzi. Mwaka 2021 walitoa Nini tosali te, maana yake tumeacha kufanya nini, wimbo wa watu waliosoma, waliosali, waliopiga kura, na bado hawana kitu. Mwezi wa Novemba komisheni ya taifa ya kuchunguza nyimbo iliuzuia usipigwe, pamoja na wimbo wa rapa Bob Elvis uliokuwa kama barua kwa rais. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikupitishwa kwanza mbele ya komisheni. Watu walipiga kelele, na zuio la wimbo wa MPR likaondolewa upesi.

Komisheni hiyo ipo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1978 Franco mwenyewe alitupwa jela kwa nyimbo zilizosemwa kuwa chafu, na kweli zilikuwa chafu. Lakini ukiangalia miaka yote hiyo, wimbo wa kumsifu tajiri haujawahi kupata shida, awe amepata mali yake kwa njia gani. Hilo ninalisema kwa wazazi wanaotaka serikali izuie rap: mkasi wa serikali, ukishatolewa, hukata kwanza ule mdomo wa ripoti. Mdomo unaoota magari hauwasumbui wakubwa, kwa sababu magari hayo ni yao.

Tufike kwenye moshi wenyewe, ambao ndio unaowauma wazazi, na hapa siko upande wa vijana. Mwaka 2021 Kinshasa ilitikiswa na kitu kinachoitwa bombé. Ni unga wa kahawia unaopatikana kwa kuponda kile chombo cha ndani ya bomba la moshi la gari, kinachosafisha hewa chafu. Wauzaji waliuchanganya na vidonge, watumiaji wakauvuta pamoja na tumbaku. Mtu aliyevuta alisimama ameinama, hasogei, saa nzima na zaidi. Wizi wa vyombo hivyo kwenye magari ukaongezeka, polisi wakakamata wauzaji, na rais akalizungumzia. Watumiaji walikuwa watu wa mtaani wasio na pesa, maana bombé ni dawa ya maskini. Hakuna video ya kifahari inayoonyesha mtu akivuta bomba la gari. Walichotaka ni kusahau njaa na usingizi wa nje, na kwa hilo wimbo hauhitajiki.

Tanzania inatufundisha upande mwingine. Langa Kileo, aliyeng'ara na kundi la Wakilisha, aliingia katika heroini, akatoka hadharani kusema hivyo, na akatumia jina lake kuwaonya wenzake mpaka alipofariki mwezi wa Juni 2013. Sauti ya rapa aliyeungua ilifika mahali ambapo sauti ya askari haikufika.

Na kwetu Boyoma? Kwetu kuna bangi, kuna vidonge vya maumivu vinavyouzwa bila karatasi ya daktari, na kuna lotoko. Lotoko ndiyo yenye wateja wengi, na inapikwa na mama zetu kwa mahindi na mihogo ili walipe karo. Hapa mazungumzo huwa magumu redioni, kwa sababu mama anayelalamika juu ya rap wakati mwingine ndiye anayepika. Simlaumu, mapato ya mkimbizi ni hayo. Ila kijana aliyelewa saa nne asubuhi nyuma ya ukuta mara nyingi hakulewa kwa Dr. Dre.

Nimekaa na vijana waliokimbia kutoka Lubunga, nikawaomba wanieleze wanachopenda katika nyimbo hizo. Walichosema kwa wingi ni kwamba mle ndani mtu aliyedharauliwa anaishia kushinda. Magari na chupa ni namna ya kuonyesha ushindi, kama noti kwenye kipaji cha mwimbaji mwaka 1985. Wengine walisema hawaelewi hata nusu ya Kifaransa cha Damso. Wanapenda mdundo na hasira.

Wao pia wanatunga. Wanapiga mdundo kwa mdomo au kwenye bidoo la njano, wanachanganya Kiswahili, Kilingala na Kimbole au Kilengola. Katika mistari yao kuna shamba lililochomwa, kuna mtumbwi wa usiku, kuna bei ya toleka, na ndiyo, kuna Mercedes pia. Tumeanza kuwarekodi kwa simu na kuwapiga siku ya Jumamosi baada ya habari, pamoja na Alesh, pamoja na Franco, na mtu wa afya anakuja kuzungumza juu ya vidonge na lotoko kwa lugha wanayoielewa. Matusi tunayakata. Mercedes tunaiacha.

Wakimaliza kurekodi, swali lao la kwanza ni moja: je, mtataja majina yetu? Tunayataja yote, la mtoto wa Mbole na la mtoto wa Lengola, na hakuna anayelipa.